Teleka mdogo

Teleka mdogo (jina la kisayansi: Apus affinis) ni ndege wa familia Apodidae anayejenga viota vyake kwa makundi chini ya mapaa, madaraja na kingo za majengo. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika na Asia ya Kusini. Alielezwa kisayansi na J. E. Gray mwaka 1830. Katika miji ya Afrika ya Mashariki, ikiwemo Dar es Salaam, ni miongoni mwa ndege wa porini walionufaika na ujenzi wa maghorofa.

Utambuzi

Teleka mdogo ana urefu wa sm 12 hivi. Rangi yake ni nyeusi, isipokuwa koo na kiuno ambavyo ni vyeupe. Mkia wake ni mfupi na hauna panda. Mabawa ni membamba yaliyopinda kama mundu.

Watu wengi humwita mbayuwayu au kijumbamshale, lakini mbayuwayu halisi ni wa familia nyingine, Hirundinidae. Tofauti mbili ni rahisi kuonekana. Kwanza, mbayuwayu hutua juu ya nyaya za umeme, ilhali teleka hawezi: miguu yake mifupi inafaa kung'ang'ania ukuta tu. Pili, mbayuwayu wa majumbani hujenga kwa tope, lakini teleka mdogo hujenga kwa manyoya na majani makavu yaliyogandishwa kwa mate yake. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya na Asia huwa Tanzania takriban kuanzia Septemba hadi Aprili bila kuzaliana, kwa hiyo viota vinavyoonekana mjini si vyao.

Makazi mjini

Asili ya teleka mdogo ni majabali na mapango. Kwake jengo la zege ni jabali jingine. Eneo la Kariakoo, lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa muda mrefu lilikuwa na nyumba za Kiswahili zisizo na ghorofa. Jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na katika miongo iliyofuata nyumba nyingi za chini zilibomolewa kupisha maghorofa. Boriti, vibaraza na kingo za zege ni mahali panapofaa viota. Kuta laini za vioo, zinazozidi kutumika katikati ya jiji, hazina pa kushikiza kiota.

Teleka hula wadudu wanaoruka, kama vile nzi, mbawakawa wadogo, sisimizi wenye mabawa na kumbikumbi. Huwakamata hewani kwa mdomo uliofunguka sana. Mvua za masika na vuli zinapoleta kumbikumbi, chakula huongezeka. Si sahihi, hata hivyo, kumtegemea ndege huyu kuzuia dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wa dengi huruka chini na ndani ya nyumba. Dawa yake ni kuondoa maji yaliyotuama.

Faida na hasara za kuishi pamoja

Viota vya teleka mdogo hushikana hata vikaonekana kama tonge moja kubwa. Kila jozi hutaga kwa kawaida mayai 2 au 3, na ndege hulala humo hata wakati usio wa kuzaa. Macho mengi huona adui mapema, na kiota kilichofunikwa humzuia kwa kiasi kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye hula mayai na makinda ya ndege wengine.

Lakini ukaribu huohuo hurahisisha safari ya vimelea kutoka kiota hadi kiota. Utafiti unaojulikana zaidi kuhusu jambo hili ulianzishwa na Charles Brown na Mary Brown huko Nebraska, Marekani, mwaka 1982, kwa mbayuwayu wa majabali (Petrochelidon pyrrhonota). Waligundua kuwa makundi makubwa yalikuwa na kunguni wengi zaidi kwa kila kiota. Viota vilipopigwa dawa, makinda yalikuwa na uzito mkubwa zaidi. Hata hivyo ndege hao hawakuacha kuishi pamoja, kwa sababu aliyekosa chakula humfuata jirani aliyekipata.

Vimelea

Teleka hushambuliwa na vimelea wa aina kadhaa:

- Chawa wa ndege, hasa wa jenasi Dennyus, hukaa kwenye manyoya.
- Nzi wa jenasi Crataerina hufyonza damu. Mabawa yao yamedumaa, hivyo hutembea tu juu ya ndege na ndani ya kiota.
- Utitiri huishi katika manyoya au ndani ya kiota. Baadhi hufyonza damu.

Shomoro wa majumbani huteka viota vya teleka na kuvijaza nyasi, na mtekaji anaweza kurithi vimelea pamoja na nyumba. Huko Marekani, kunguni wa mbayuwayu hueneza virusi vya Buggy Creek, na makinda ya shomoro waliozaliwa katika viota vilivyotekwa huugua na kufa kuliko makinda ya mbayuwayu wenyewe. Virusi hivyo havijulikani kusababisha ugonjwa kwa binadamu.

Afya ya watu

Kunguni wa vitandani hawaletwi na teleka; huingia nyumbani kwa magodoro, mizigo na samani zilizotumika. Utitiri wa ndege unaweza kuingia chumbani ndege wanapohama na kuwauma watu, lakini hauwezi kudumu kwa damu ya binadamu.

Tahadhari kubwa zaidi ni kinyesi kilichorundikana. Kinyesi cha ndege kinaweza kuwa na bakteria wa Salmonella, na mahali kilipokaa muda mrefu panaweza kuota kuvu wa Histoplasma, ambao huathiri mapafu vumbi likivutwa. Kwa hiyo kinyesi kikavu kisifagiwe hivihivi. Kilowanishwe kwanza, mfagiaji avae barakoa na glavu, kisha anawe kwa sabuni. Meza za chakula zisiwekwe chini ya viota. Ubao mdogo ukutani hutosha kukinga kinyesi.

Kubomoa viota vyenye makinda huua makinda na hutawanya vimelea wenye njaa. Kama ni lazima kuviondoa, ifanyike vikiwa vitupu, kisha nafasi izibwe kwa wavu au saruji. Bila kuziba, ndege hurudi na kujenga tena palepale.