Bibi Alichoma, Mama Akapaka Dawa, Binti Asome Nyuma ya Kopo

Wadau wa nywele, kabla hujanunua kopo lenye picha ya jani la kijani na neno "asili", pata historia kidogo. Hii habari ya "bidhaa salama" haijaanza leo. Bibi aliambiwa, mama akaambiwa, sasa ni zamu ya binti.

Bibi wa pwani alikuwa na mafuta yake ya nazi, hina na jirani anayejua kusuka. Anakaa chini kwenye mkeka, anasukwa twende kilioni, kazi imeisha. Baadaye kikaja kitana cha moto. Kinawekwa kwenye mkaa, kinapitishwa kwenye nywele zilizopakwa mafuta, zinanyooka. Kuna waliobabuka masikio, lakini kilikuwa na nafuu moja: nywele zikilowa tu, zinajikunja tena kama zilivyokuwa.

Dawa yenyewe ilianzia mbali. Huko Cleveland, Marekani, fundi mmoja mweusi aitwaye Garrett Morgan alikuwa akitafuta kimiminika cha kulainisha sindano za cherehani zisiunguze kitambaa. Inasimuliwa kwamba alifuta mikono kwenye kitambaa cha sufu, akakuta nyuzi zimenyooka. Akajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha kwa nywele zake mwenyewe. Mwaka 1913 akafungua kampuni ya kuuza dawa ya kunyoosha nywele.

Wengine huko huko Marekani walijitengenezea nyumbani kwa viazi, mayai na kostiki soda. Ndiyo, kostiki soda hii hii ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba ya maji machafu. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vikaichanganya kwenye krimu laini yenye harufu nzuri, ikapata boksi zuri na picha ya mdada anayecheka.

Kwa nini inanyoosha? Unywele umeshikiliwa na vifungo vya ndani. Kostiki inavikata, na vikikatika ndo basi, havirudi. Ndiyo maana nywele mpya zikiota zinakuja na kipilipili chake, na mteja anarudi saluni kila baada ya wiki kadhaa. Na kile kinachokata vifungo vya unywele hakijui kubagua, kikigusa ngozi nayo inaungua.

Tanzania nako vita ya nywele ilikuwepo, ila ilipiganwa kwa hoja nyingine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969. Waliopigwa marufuku ni vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Hoja kubwa ilikuwa utamaduni na heshima. Usalama wa ngozi ya kichwa haukuwa ndiyo ajenda.

Marufuku ikapoa, ikaja zamu ya mama na kalikiti, nywele zinang'aa kwa majimaji mpaka mto wa kulalia unalowa. Kisha relaksa. Kwa binti aliyesoma shule za kunyoa, kumaliza form four kulikuwa na maana moja kubwa: kwenda kuweka dawa. Anapakwa mafuta ya mgando pembeni, dawa inapakwa, inaanza kuwasha. Msusi anasema, "Vumilia kidogo ishike." Anavumilia. Anatoka na nywele laini kama hariri na vidonda juu ya sikio, na mtaani wanamsifia.

Malalamiko ya kuungua yalipozidi, zikaja dawa zisizo na kostiki soda. Watu wakashusha pumzi. Lakini ukigeuza boksi unakuta kalisiamu haidroksaidi, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni chokaa. Inachanganywa na kimiminika cha pili na kuwa dawa kali ya kunyoosha, ambayo nayo inaunguza. Jina limebadilika, kazi ni ile ile.

Miaka ya 2000 ikaja staili ya kunyoosha kutoka Brazil. Mwaka 2011 idara ya usalama kazini ya Marekani ikatoa onyo: imepima hewa za saluni na kukuta fomalini, hata pale ambapo chupa imeandikwa haina. Fomalini ndiyo ile ya kuhifadhia maiti. Mteja anaivuta siku moja na kuondoka. Msusi anaivuta kila siku.

Oktoba 2022 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa ambao hawakutumia dawa za kunyoosha, makadirio ya kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64. Kwa waliotumia zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia utafiti, asilimia 4.05. Hii haimaanishi kila aliyepaka dawa ataugua, na utafiti wa aina hii peke yake hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Lakini si jambo la kupuuzia.

Sasa binti amerudi kwenye nywele za asili, na wauzaji nao wamemfuata na neno "asili" mbele ya kopo. Dada, geuza kopo. Viambato huanza kuandikwa na kile kilicho kingi. Kama nazi imetajwa mwisho kabisa baada ya manukato, hayo siyo mafuta ya nazi. Ukiona neno linaloishia na "hydroxide" kwenye dawa ya kunyoosha, ujue ni ukoo ule ule. Kopo lisilo na orodha ya viambato, rudisha. Hata mafuta ya nyonyo na alovera jaribu kwanza kidogo kwenye ngozi, usubiri siku moja, maana cha asili nacho kinaweza kumkataa mtu.

Na anayeamua kuendelea na dawa ni haki yake, nywele ni zake. Ila asiweke kwenye kichwa chenye kidonda, na ikianza kuunguza aseme ioshwe hapo hapo. Msusi naye avae glavu na afungue madirisha. Bibi na mama hawakuwa na wa kuwaambia haya, binti ameshaambiwa.