Kaunti za leo, mistari ya jana

Mtu aliyezaliwa Mbale, magharibi mwa Kenya, mwaka 1975, alizaliwa Wilaya ya Kakamega. Leo boma lile lile liko Kaunti ya Vihiga. Hajahama, wala mababu zake hawakuhama. Kilichobadilika ni mipaka na istilahi za utawala, na anayesoma ramani ya Kenya bila kuzijua istilahi zake atapotea mchana kweupe.

Tuanze na wilaya. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni eneo lililo chini ya wali, ndugu wa yule liwali wa miji ya pwani zama za masultani wa Zanzibar. Oman hadi leo ina wilaya, na kila wilaya ina wali wake. Kaunti nayo ilizaliwa kwa njia hiyo hiyo, ila mbali na hapa: ni himaya ya mkuu aliyeitwa comte kwa Kifaransa cha Wanormandi, walioiteka Uingereza mwaka 1066. Yote mawili yalimtaja mtawala kwanza, ardhi baadaye.

Kenya iliyatumia yote mawili kwa pamoja. Kabla ya 2013, Narok ilikuwa wilaya mbele ya serikali kuu, ikiwa na DC wake, na papo hapo ilikuwa na baraza la kaunti, lile lililokuwa likitoza ada za Maasai Mara. Basi Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 haikulibuni neno kaunti. Ililitoa kwenye mabaraza ya madiwani, ikalipa gavana, bunge lake na mgao wa fedha. Baadhi ya watangazaji wanapendelea gatuzi, kutokana na kugatua, na neno hilo lina ladha ya Kiswahili. Barabarani, hata hivyo, kaunti ndiyo iliyoshinda.

Kaunti zenyewe ni 47, nazo hazikuchorwa upya. Jedwali la Kwanza la Katiba linataja majina tu, kuanzia Mombasa hadi Jiji la Nairobi. Halisemi mpaka unafuata mto gani wala unapanda kilima kipi. Mistari ni ya wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992, na nyingi ya hizo zilirithiwa kutoka ramani za wakati wa uhuru. Zilizoongezeka katikati ya hapo zilimegwa, na kitenzi hicho kinastahili kutazamwa: kinachomegwa, kama tonge la ugali, huacha pengo kilipotoka. Makueni ilimegwa Machakos, Bomet ikamegwa Kericho, Nyamira ikamegwa Kisii, Vihiga ikamegwa Kakamega. Kwa hiyo anayelinganisha idadi ya watu wa Kakamega katika sensa ya 1979 na ile ya 2009 analinganisha vitu viwili vyenye jina moja. Umegaji uliendelea kwa kasi baada ya 1992, wilaya zikitangazwa hata kwenye mikutano ya hadhara, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2009 kwamba zile zisizo na msingi wa sheria ni batili.

Jimbo lina mkasa wake. Mwaka 1962 tume ya Sir Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchi ikisikiliza wajumbe wa jamii mbalimbali, kila mmoja akieleza angependa kuwekwa na nani. Katiba ya uhuru ya 1963 ikaleta majimbo. Mwaka uliofuata Kenya ikawa jamhuri, majimbo yakageuzwa mikoa, na neno lenyewe likabaki na uchungu. Katika siasa za miaka ya 1990 wengi walilisikia kama tishio la kufukuzwa walikohamia. Kwa Mtanzania, jimbo ni pale anapochaguliwa mbunge, na kata ni pale anapochaguliwa diwani. Kwa Mkenya, mbunge ana eneo bunge, mwakilishi wa kaunti ana wadi, na kata ni ya chifu.

Sasa tufike Maseno, ambapo Kisumu na Vihiga zinavutana. Ikweta inapita papo hapo, mstari ambao hakuna aliyeuona, na hakuna anayegombana juu yake. Mstari wa kaunti ndio unaozua vikao, maandamano na safari za mahakamani, kwa sababu ndio unaoamua ushuru wa soko unaingia mfuko gani. Mackinnon Road, kwenye barabara kuu ya Mombasa, ina kesi ya namna hiyo kati ya Kwale na Taita Taveta. Kila upande huja na ramani, na mara nyingi ramani hizo hazipingani: moja ni ya wilaya, nyingine ya maeneo bunge, nyingine ya mikoa, na kila moja ina mwaka wake.

Ibara ya 188 ya Katiba imeufanya mpaka wa kaunti kuwa mgumu kuguswa: inahitajika tume huru, kisha kura ya thuluthi mbili ya Bunge la Taifa na thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti. Miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa, Ibara hiyo inataja uhusiano wa kihistoria na kitamaduni. Historia ipi, ya 1963 au ya 1992? Hapo ndipo wanakamusi wetu wana kazi. Kidahizo cha wilaya, jimbo, kata au kaunti kinachotoa maana bila kutaja nchi na kipindi hakijamsaidia msomaji, na mwandishi wa habari anayeandika “mpaka wa zamani” bila kutaja mwaka tayari ameshachagua upande, hata kama hakukusudia.