Neno Lililosomwa Jana

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Nakivale imepokea wakimbizi wa Rwanda, kisha wa Burundi, Kongo na Somalia. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kifaransa huko Kongo huingia hapa katika darasa la Kiingereza. Akienda Mbarara, anasoma dukani neno "pain" kwenye pakiti ya dawa. Kwa Kiingereza ni maumivu. Yeye kwanza anaona mkate. Akisita hivyo darasani, huhesabiwa mzito na kurudishwa darasa la chini.

Historia ya utafiti inamtetea. Mwaka 1886, James Cattell alionyesha kwamba msomaji hutambua neno zima kwa haraka kama herufi moja. Kwa hiyo hasomi kwa kuunga herufi tu, bali kwa mazoea. Mwaka 1969, John Morton alieleza kuwa kila neno lina kizingiti chake akilini, na kila linaposomwa kizingiti hushuka. Mwaka 1971, David Meyer na Roger Schvaneveldt waligundua kwamba neno "siagi" hutambuliwa upesi zaidi likiandamana na "mkate".

Basi kusita kwa mtoto huyu si ujinga. Maneno ya jana bado yako karibu na mlango, ya leo hayajazoea njia. Dawa yake ni kumpa maandishi ya Kiingereza asome kila siku, kwani kumshusha darasa hakushushi kizingiti cha neno hata moja.