Bahari ya Kupwa na Bahari ya Kujaa

Msafiri aliyefika Paje au Jambiani siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa hata mwamba umejitokeza kwa mbali, aghalabu aliwaona wanawake wameinama pwani nzima, akadhani kwamba bahari ile ni yao. Ilikuwa yao kwa saa chache tu.

Tangu zamani, pasi na sheria iliyoandikwa wala kadhi aliyehukumu, watu wa mashariki ya Unguja walikuwa wameigawa bahari kwa mizani ya maji yenyewe. Yaliyokupwa yalikuwa ya mwanamke, ambaye alichokoa pweza katika mashimo ya mwamba, akaokota chaza na kombe, akatanda dagaa kwa nguo pamoja na wenziwe, na akayafukia makumbi ya nazi mchangani yaoze miezi kadhaa kabla ya kuyafukua, kuyaponda na kuyasokota kamba. Yaliyojaa yalikuwa ya mwanamume, mwenye ngalawa, dema na mshipi. Kamba ya usumba ilitoka mikononi mwa mwanamke, lakini chombo kilichofungwa kwa kamba ile hakufundishwa kukiendesha. Mtoto wa kiume alikaa chomboni na baba yake au mjomba wake, akazijua pepo za kaskazi na kusi, na kuogelea akakujua kabla hajabalehe. Binti aliujua mwezi, kwa kuwa mwezi ndio umwambiao siku za bamvua. Wala maarifa hayo ya mwezi si haba, ingawa sijapata kusikia mtu akiyaita elimu.

Kisha ukaja mwani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameuchunguza mwani wa pwani zetu na kuhimiza ulimwe. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino, na mnamo 1989 kilimo cha biashara kikaanza mashariki ya Unguja. Baadhi ya wanaume walijaribu, wakaiona ijara ni ndogo, wakarejea uvuvini au wakaelekea mahotelini. Wanawake wakabaki, wakipigilia vijiti mchangani na kufunga mbegu kambani, na kwa fedha hiyo wakawanunulia watoto sare za shule, wakaezeka nyumba, na waume walionung'unika mwanzoni wakanyamaza. Hata leo, katika wakulima wa mwani wa Zanzibar zaidi ya 20,000, takriban wanane katika kila kumi ni wanawake.

Lakini mgawo wa kale ulikuwa ukingali pale pale. Kuna mwani wa spinosamu, mvumilivu na wa bei duni, na kuna kotonii, wenye bei bora na tabia ya kidekaji. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, kotonii ukaugua na kufa, na ikadhihirika kwamba hauna budi kupelekwa kwenye maji baridi ya kina kirefu. Huko kunataka chombo na kunataka kuogelea. Hivyo mwanamke, ambaye hakuna aliyemfukuza kazini, alijikuta amezuiwa na somo alilonyimwa utotoni. Sheria ya Ajira ya Zanzibar ya 2005 inakataza ubaguzi, nayo ni sheria ya insafu. Ila mkulima wa mwani si mwajiriwa wa mtu, bali ni muuzaji, aghalabu kwa kampuni ile ile iliyompa kamba na mbegu, na ubaguzi uliomfika haukuwa na bwana wa kushtakiwa.

Kaskazini, kijijini Nungwi, mradi uitwao Panje ulianza kulirejesha somo hilo. Wazee walikuwa na tashwishi kuhusu stara, na tashwishi yao haikudharauliwa: mabinti walivaa nguo zinazofunika mwili mzima, na waliowafundisha walikuwa wanawake wenziwao. Binti hulala chali juu ya maji, masikio yamezama, macho yakitazama mbinguni, na mkono wa mwalimu uko chini ya mgongo wake mpaka atakapoweza kuuondoa bila yeye kujua.