Shujaa wa katuni anapovaa sura ya mwanamuziki

Msikilizaji, kwenye vibanda vya kinyozi Arusha mjini na miji midogo chini ya Mlima Meru, mara nyingi utakuta sura ya Tupac imechorwa ukutani. Tuangalie sanaa inayokwenda mbali zaidi: kumvalisha mwanamuziki mavazi ya shujaa wa katuni.

Ilianzia wapi?

Sanaa ya popu huchukua picha tunazoziona kila siku, kama katuni, matangazo na sura za wasanii, ikazifanya michoro mikubwa. Nchini Marekani, Roy Lichtenstein alianza kukuza vipande vya katuni mwaka 1961. Mwaka 1963 Andy Warhol akachapa picha za Elvis Presley. Miaka ya karibuni Butcher Billy, mchoraji wa Brazil, aliunganisha mambo hayo mawili. Mmoja wa aliowachora ni Ian Curtis, mwimbaji wa kundi la Joy Division la Uingereza. Curtis aliugua kifafa na alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 23. Kumchora kama shujaa ni kusema nguvu yake haikuwa misuli, ilikuwa sauti.

Na kwetu je?

Kitabu cha katuni cha Shujaaz kilianza Kenya mwaka 2010, baadaye kikaja Tanzania. Shujaa wake wa kwanza, DJ B, hapai angani. Anarusha matangazo ya redio kwa siri, na silaha yake ni maikrofoni.

Arusha tunao X Plastaz, kundi la hip hop lililochanganya michano na uimbaji wa Kimaasai. Mmoja wao, Faza Nelly, alifariki mwaka 2006. Shuka na rungu ni mavazi ya shujaa tayari. Hayahitaji joho la Superman.

Kijana mchoraji azingatie nini?

Superman na Spider-Man wana wenyewe. Ukiuza fulana zenye picha zao bila ruhusa, unaweza kudaiwa. Shujaa uliyembuni mwenyewe ni mali yako, na analindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ukitaka kutumia sura ya msanii, omba ruhusa kwake au kwa familia yake.

Kabla hujatuma mchoro WhatsApp, weka sahihi na tarehe, tunza michoro ya awali, kisha uliza COSOTA kuhusu kuusajili. Siku ukiukuta kwenye fulana sokoni, utakuwa na ushahidi.