Valvu za Redio za Kale, na Yale Zinayotufundisha

Ukifungua redio ya kale utakuta ndani yake vichupa vya kioo vimesimama wima kama taa ndogo. Jina lake ni valvu. Wengi huzitupa, au huivunja redio ili wauze shaba yake. Sisi twaona kuwa hiyo ni hasara kubwa, kwa maana vichupa hivyo ni kama maandiko. Ajuaye kuvisoma aweza kutambua redio ile ilitengenezwa kwa nyumba ya namna gani, na kwa nini zamani watu wachache tu wa Mbeya na Iringa walisikia habari za dunia kwa masikio yao wenyewe.

Kwanza yafaa tueleze kazi ya valvu. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza kichupa kilichotolewa hewa, na ndani yake akatia uzi wa kupashwa moto na bamba la chuma. Uzi ukipata moto hutoa chembe za umeme, nazo huvuka hata kwenye bamba, kurudi haziwezi. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza wavu mwembamba kati ya uzi na bamba. Wavu huo wafanana na kilango cha mfereji katika mashamba ya mpunga ya Usangu: mtu hukiinua kwa mkono mmoja, na maji mengi yakapita. Vivyo hivyo umeme kidogo sana ukifika kwenye wavu hutawala umeme mwingi, na sauti dhaifu ikawa sauti kuu.

Lakini uzi huo hauna budi kupashwa moto muda wote redio isemapo, na moto huo hula umeme. Hapo ndipo lilipo neno letu.

Makampuni ya Ulaya, kama Philips ya Uholanzi na Mullard ya Uingereza, yaliandika herufi na tarakimu juu ya kioo. Herufi ya kwanza yaonyesha umeme utakiwao na uzi. E maana yake volti 6.3, na valvu za namna hiyo zilitumika hasa katika redio za nyumba zenye umeme. U ni ya redio zilizochomekwa ukutani pasipo transfoma. D ni volti 1.4, yaani valvu ya betri kavu. Herufi ifuatayo yaonyesha kazi: kwa mfano, L ni valvu ya mwisho, ile ipelekayo sauti kwenye spika.

Basi tulinganishe valvu mbili za kazi moja, EL84 na DL92. Uzi wa EL84 hula karibu wati 4.8; uzi wa DL92 hula wati 0.14 tu, yaani EL84 yala zaidi ya mara 30. Nayo EL84 hulipa kwa sauti: yaweza kutoa zaidi ya wati 5, sauti ya kujaza ukumbi. DL92 hutoa kama robo ya wati, nayo yatosha jamaa waliokaa karibu. Kwa hiyo E na U ni herufi za mjini, na D ni herufi ya kijijini. Siku za ukoloni umeme ulikuwa katika miji michache tu. Mtu wa Ukinga au wa Mufindi asiyekuwa na mtambo wake hakuwa na njia ila betri. Na betri yenyewe haikuwa rahisi, kwa kuwa pamoja na volti ndogo za uzi, bamba lilitaka volti 67 au 90.

Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini yalikuwa hasa kwa ajili ya walowezi. Mabadiliko makubwa yalitokea ng'ambo ya mpaka wetu. Huko Lusaka, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia, Harry Franklin wa idara ya habari alitafuta redio ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilimtengenezea redio ya valvu 4, nayo ikaitwa Saucepan Special, kwa kuwa ganda lake lilikuwa la mviringo kama sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, sawa na shilingi 100 za Afrika Mashariki, na betri shilingi 25. Betri hiyo ilidumu kama saa 300. Mwenye kusikiliza saa 2 kila siku alipata miezi 5. Huko Tanganyika kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika.

Wakati huohuo mwisho wa valvu ulikuwa umekwisha kuandaliwa. Mwaka 1947, huko Marekani, Bardeen, Brattain na Shockley walivumbua transista, isiyo na uzi wa kupasha moto. Redio ikawa ndogo, na betri za tochi zikatosha. Matunda yake yalionekana mwaka 1973, watu kama milioni 2 wa Tanzania walipokusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya redio ya Mtu ni Afya. Kwa valvu, jambo hilo lisingaliwezekana.

Hata hivyo Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Valvu zingali zikitengenezwa Slovakia na Urusi kwa wapendao sauti yake katika vikuza sauti. Ukiipata ya kale, usiifute kwa nguvu, maana maandishi hutoka upesi. Tazama doa la rangi ya fedha ndani ya kioo: likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na valvu imekufa. Usiguse matumbo ya redio iliyotoka kuzimwa, kwani umeme wa kuua waweza kubaki ndani. Kisha andika katika karatasi jina la kijiji na mwaka redio iliponunuliwa, ukaiweke pamoja na valvu. Kioo chatuambia redio ilikula umeme gani. Ni wazee tu wawezao kutuambia nani walikaa kuizunguka, na siku hizo wanapungua.