Mbuzi wa kampeni: kwa nini Hulugho bado ni maskini? (Uzi)

1/ Kila kampeni Kaskazini Mashariki ahadi ni ileile: familia maskini zitagawiwa mbuzi. Na hapa mtandaoni tunabishana yaleyale: "wapewe," "wasipewe, watauza tu." Hebu tuangalie Hulugho, kule Garissa mpakani na Somalia. Historia inasema tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza.

2/ Huku watu walikuwa na mifugo tangu zamani. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa. Mwaka 1926 mkoloni aliifunga Northern Frontier District kwa kutumia sheria ya 1902. Kuingia au kutoka, mpaka kibali.

3/ Juu ya kibali, karantini. Magonjwa yalikuwepo, tusidanganyane. Lakini kizuizi kiliwalinda pia walowezi wenye ranchi, wasishindane na ng'ombe wa bei nafuu kutoka kaskazini. Una ng'ombe mia na huna pa kuwauza: wewe ni tajiri au maskini?

4/ Uhuru ulipokuja Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa huku mwezi huohuo. Vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Mifugo ilichukuliwa, mingine ikauawa, watu wakakusanywa kwenye vijiji vya lazima. Familia nyingi zilifilisika hapo, na wala haikuwa kwa uvivu.

5/ Katikati ya vita, 1965, ukaja Waraka Nambari 10: pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Yaani mwenye nacho aongezewe. Hulugho hata kwenye foleni haikuwepo.

6/ 2006-07, baada ya mafuriko, homa ya Bonde la Ufa ililipuka Garissa. Watu zaidi ya 150 walikufa nchini. Usafirishaji na uchinjaji wa mifugo ukapigwa marufuku. Ilibidi. Lakini hata mwenye ng'ombe wazima hakuwa na pa kuuza.

7/ Halafu kuanzia 2020 mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo. Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Mbuzi wa kugawiwa wangekufa pamoja na wengine.

8/ Je, kugawa mbuzi ni upuuzi? Hapana. Aliyebaki bila hata mmoja, soko halimsaidii, anahitaji pa kuanzia. Lakini mbuzi bila chanjo, maji na mnunuzi ni zawadi ya msimu mmoja.

9/ Katiba ya 2010 iliweka masoko ya mifugo, vichinjio vya kaunti na udhibiti wa magonjwa mikononi mwa kaunti. Bima pia si ndoto: 2015 serikali ilianza kuwalipia wafugaji wa Wajir na Turkana bima inayopima malisho kwa setilaiti.

10/ Kwa hiyo mgombea akija na mbuzi, pokea, mshukuru, kisha umuulize: chanjo inafika kabla ya mvua au baada ya vifo? Ukame ukianza, nani atanunua mifugo kabla haijakonda? Lori litapita hiyo barabara mvua ikinyesha? Akikosa majibu, huyo amekuletea kitoweo tu.